Maji ya Mchele Mpya

Alfajiri, kabla hakujapambazuka, mama anafungua kiroba cha mchele, anatumbukiza mkono mpaka kwenye kifundo, anachota konzi moja na kuifikicha taratibu gizani. Hahitaji taa kwa kazi hii. Anasikiliza. Mchele wa msimu uliopita hukwaruza kama mchanga mkavu, na uliotoka majarubani juzijuzi huteleza na kuacha ubaridi kidogo kiganjani. Akimaliza anatamka neno moja tu, "mpya", na binti anayemsaidia anapunguza maji ya sufuria. Hakuna anayesema apunguze kiasi gani.

Nimekaa asubuhi nyingi kwenye benchi la mama huyu, karibu na stesheni ya Bukene, nikimwangalia anavyofanya kazi. Jina lake silitaji, kwa sababu hakuniomba nimtangaze. Kibanda chake hakina bango. Wateja wakielekezana husema "kwa mama", na mgeni akiuliza mama yupi huambiwa afuate moshi. Ndani mna meza mbili, mabenchi manne, ndoo ya maji ya kunawa yenye bomba, na ukutani kuna kalenda ya mwaka uliopita ambayo hakuna anayeona haja ya kuitoa. Mafiga yapo uani chini ya mwembe, na huko ndiko nilikojifunza niliyoyaandika hapa.

Bukene iko wilaya ya Nzega, kaskazini ya Tabora mjini, kwenye reli iendayo Mwanza. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, enzi za Wajerumani, na tawi la kwenda Mwanza likamalizwa na Waingereza mwaka 1928. Tangu hapo Bukene imekuwa mji wa watu wanaosubiri. Wanasubiri treni, wanasubiri lori la mpunga, wanasubiri mnunuzi wa pamba, wanasubiri mvua. Anayesubiri hupata njaa, na njaa ya mtu aliye safarini ina haraka yake. Hapo ndipo kazi ya mama ntilie ilipojipatia nafasi, hata kabla haijawa na jina.

Siku hizi wanaosubiri wameongezeka. Kipande cha reli ya kisasa cha kutoka Tabora kwenda Isaka kinapita upande huu. Bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linapita wilaya hiihii ya Nzega, na kiwanda cha kuyavika mabomba yake utando wa kutunza joto kilijengwa Sojo. Madereva, mafundi, walinzi na wapima ardhi wameijua njia ya huku. Na wao wamekuja na habari za kule walikotoka. Siku moja kijana mmoja wa Dar es Salaam, mwenye viatu vya kazi vilivyojaa vumbi jekundu, alikuwa akila wali na maharage huku akisimulia migahawa ya kuku ya kampuni za nje. Ukiingia Mikocheni au ukiingia Mlimani, alisema, ladha ni moja, sanduku ni moja, hata chumvi ni moja.

"Siku wakifika hapa, mama, utafunga," akamwambia, kwa mapenzi kabisa.

Mama alikuwa akipakua. Hakugeuka. "Wakifika hapa, baba, wafanyakazi wao watakula wapi?"

Jibu hilo nimelipima mara nyingi tangu siku ile. Anayeijua Dar es Salaam anajua lilivyo la kweli. Nyuma ya kila jengo kubwa, kwenye kivuli cha ukuta, kuna mama mwenye masufuria, na waliokaa kwake saa saba mchana ni walinzi, wafagizi na wahudumu wa humohumo ndani. Lakini swali la yule kijana lilikuwa na heshima yake. Alikuwa akisifu jambo la kweli, yaani kwamba chakula kinaweza kuaminika. Msafiri hupenda kujua atakula nini kabla hajaketi. Na wala sizidharau kampuni hizo kwa hilo, pamoja na choo chao safi, maji yao ya bomba na mishahara inayolipwa mwisho wa mwezi. Nilichotaka kukielewa ni kitu kingine. Wali wa mama huyu nao una ladha ileile kila siku. Madereva wanaopita mara moja kwa mwezi wanalisema hilo bila kuulizwa. Hana mzani, hana saa, hana karatasi ya maelekezo. Anafanyaje?

Anaanza na ungo. Mchele unamwagwa, unarushwa kidogo, unapokewa, unarushwa tena, na kila mrusho una pembe yake. Pumba hutoka kwanza na upepo. Kisha ungo unatikiswa kwa mduara mdogo mpaka chenga zinajikusanya ukingoni kana kwamba zimeitwa. Chenga hazitupwi, zitapikwa uji wa asubuhi. Mwisho ni kuchagua, yaani kuokota chuya na vijiwe kimoja kimoja, kazi ya macho na ncha za vidole, ambayo mama anaifanya huku akiongea na watu na hata hakosei. Nilipojaribu mimi, nilitumia nusu saa kwa kilo moja, na bado jiwe moja lilinipita. Alilipata kwa kuupitisha mkono mara moja tu juu ya mchele wangu.

Anauosha kwa maji matatu. Maji ya kupikia yameshachemka, yana chumvi na mafuta ya alizeti, ndipo mchele unaingia. Anageuza mwiko mara moja, kutoka chini kuja juu, basi. Ukiukoroga sana unavunja punje, na punje iliyovunjika hutoa wanga, na wanga huufanya wali kuwa bwabwa. Anafunika. Kuanzia hapo anapika kwa masikio. Mwanzoni sufuria inaguguma. Baadaye sauti inapungua, inakuwa ya matone matone. Halafu inakuja sauti nyembamba, ya kutatarika, ambayo mimi kwa siku tatu za kwanza sikuisikia kabisa mpaka aliponishika bega na kuniinamisha karibu na mfuniko. Sauti hiyo maana yake maji yamekwisha chini na mafuta yameanza kuuunguza wali kidogo. Hapo moto wa chini unavutwa wote nje, makaa yanachotwa kwa koleo na kupaliwa juu ya mfuniko.

Kupalia ni neno ambalo linastahili kukaliwa kidogo. Mkulima hupalia shamba, mpishi hupalia wali. Kwa mpishi maana yake ni kuuweka moto juu, ili joto lishuke taratibu na kuukausha mvuke unaopanda, na kila punje isimame peke yake. Anayepalia mapema anapata wali wenye kiini kigumu. Anayechelewa anapata ukoko mweusi na harufu ya kuungua iliyopenya mpaka juu, na harufu hiyo haina dawa. Katikati ya mapema na kuchelewa kuna dakika chache tu, na dakika hizo hazikai mahali pamoja. Mchele mpya una unyevu wake mwenyewe, hivyo hunywa maji kidogo na huiva upesi. Wa zamani umekauka, unahitaji maji mengi na subira. Kuni za mti wa mtundu zilizokauka hutoa makaa mazito yanayodumu. Zikiwa zimenyeshewa, moto unalegea na kila kitu kinasogea mbele. Masika hewa yenyewe ina maji. Kiangazi upepo wa mchana unaiba joto upande mmoja wa sufuria, na mama anaigeuza robo mduara bila kukatisha mazungumzo.

Kumbe ndiyo siri, kama ni siri. Ili wali wa leo ufanane na wa jana, mkono wa leo lazima ufanye tofauti na mkono wa jana. Kila asubuhi vitu vyote vimebadilika kidogo, na yeye anayarekebisha mabadiliko hayo kabla mlaji hajaketi. Mlaji anaona kitu kilekile tu. Kazi iliyofanyika ili kiwe kilekile haionekani popote kwenye sahani.

Kampuni kubwa zimelifikia lengo hilohilo kwa njia nyingine, na inafaa kukumbuka zilianzia wapi. Mwaka 1930, mjini Corbin katika jimbo la Kentucky, Marekani, mtu aitwaye Harland Sanders alikuwa na kituo cha mafuta kando ya barabara. Wasafiri walikuja na njaa. Akawapikia, na kwa kuwa hakuwa na mgahawa, akawakaribisha kwenye meza yake mwenyewe ya chakula. Ukiisoma habari hiyo Bukene unamjua mara moja: ni mama ntilie. Kuku wake wa kwenye kikaango cha chuma walichukua karibu nusu saa, na msafiri hana nusu saa. Sanders akahangaika mpaka akaanza kutumia chungu cha mvuke, kile chenye mfuniko unaofungwa, na kuku wakaiva kwa dakika chache. Mwaka 1952 mwenzake mmoja wa Salt Lake City, Pete Harman, akawa wa kwanza kuuza kuku hao kwa makubaliano, na mwaka 1964 Sanders akaiuza kampuni kwa dola milioni mbili. Sura yake ilibaki kwenye masanduku. Yeye mwenyewe alizunguka akionja, na akiwa mzee alilalamika hadharani kwamba mchuzi wake umeharibiwa.

Namhurumia mzee huyo. Aliandika kila alichojua, kila kiungo na kila dakika, na bado kilichotoka jikoni hakikuwa chake. Alichokosa kukiandika ni ule mkono wake uliokuwa ukisahihisha kila siku. Pengine hakujua kwamba anao. Mama wa Bukene naye, nilipomwomba aniambie vipimo, alifikiri kwa dhati, akafungua mdomo, akafunga, kisha akasema, "Njoo kesho utazame tena."

Njia ya kampuni, tukiitazama kwa haki, ni kuondoa tofauti kabla haijafika jikoni. Kuku wote wawe wa umri mmoja, wa wiki tano au sita, viazi vyote viwe vya aina moja na vikatwe kiwandani, mafuta yawe na joto moja, na kengele ilie muda ukitimia. Ni akili kubwa iliyotumika, na kijana wa miaka 18 anaweza kuifanya kazi hiyo baada ya mafunzo mafupi. Lakini njia hiyo inapata shida pale dunia inapokataa kufanana. Januari mwaka 2022 migahawa ya KFC, kampuni ileile iliyoanzishwa na Sanders, nchini Kenya iliishiwa chipsi kwa sababu meli zilizobeba viazi vyake kutoka nje zilichelewa. Wakenya walikasirika, na walikuwa na haki, maana nchi yao imejaa viazi, na wakulima wa Nyandarua walikuwa navyo shambani. Kampuni ikaeleza kwamba viazi vyake lazima vipitie taratibu za ubora za kidunia. Viazi vilikuwapo. Kilichokosekana ni ruhusa ya kuvijua.

Mama anavijua vitu vyake kwa kuvishika. Mtazame akinunua kuku. Kuku wa kienyeji wanaofika kwake wametoka miji kumi tofauti, wengine wamekula mtama, wengine wamejitafutia jalalani, na hakuna wawili wenye umri mmoja. Anamshika kuku, anabonyeza ncha ya mfupa wa kidari. Ikipinda, ni mchanga; ikiwa ngumu kama ubao, ni mzee. Anatazama magamba ya miguu na urefu wa kipi cha jogoo. Siku ya kupika kuku watano, hawaingii sufuriani pamoja. Jogoo mzee anatangulia, na chumvi, tangawizi na ndimu, na anachemka peke yake muda mrefu. Baadaye anafuata mtetea. Wale wachanga wanaingia mwisho kabisa. Wote wanakuja kuiva kwa wakati mmoja, na wewe mlaji, ukipewa paja, hutajua kama mwenyewe alikuwa babu au mjukuu. Mchuzi ule wa jogoo mzee ndio unaowapa wote utamu, kwa hiyo yule mgumu, ambaye kwingine angekataliwa, hapa anatafutwa.

Maharage yanalowekwa tangu jioni. Yakipungukiwa maji motoni huongezwa ya moto, kamwe si ya baridi, na chumvi huingia mwishoni. Nyanya zikiwa adimu, karanga zilizosagwa zinashika nafasi yake. Hayo nayapita haraka kwa sababu nataka kufika kwenye ugali.

Watu husema ugali ni maji na unga, kana kwamba kusema hivyo ni kumaliza. Anza na uji. Unga kidogo unakorogwa na maji baridi, unamiminwa kwenye maji yanayochemka, na unaachwa utokote mpaka upasuke mapovu mazito yanayorukia mikono. Wapishi wenye haraka wanauruka uji huo au wanaukatisha, na ndiyo maana ugali wao unanuka unga. Mama anausubiri. Kisha unga unaongezwa kwa mkono wa kushoto, kidogo kidogo, huku wa kulia umeshika mwiko. Binti anaishika sufuria kwa vitambaa viwili, amepiga goti moja. Kusonga si kukoroga. Mwiko unausukuma ugali kwenye ukuta wa sufuria, unaukandamiza, unaugeuza, unaukandamiza tena, na nguvu inatoka mgongoni na kiunoni. Kwa sufuria ya watu 40 kazi hiyo ni ya kutoa jasho, na mama ameifanya kila siku kwa miaka mingi kiasi kwamba bega lake la kulia limekuwa juu kuliko la kushoto. Ugali ukiiva unajibandua wenyewe ukutani mwa sufuria, na harufu inageuka kutoka ubichi kuwa kitu kinachokaribia bisi. Mahindi yakiwa ya mwanzo wa mavuno unga ni laini na hunywa maji vingine. Akichanganya na mtama au muhogo, kila mchanganyiko una mwendo wake. Anausikia kwenye mpini wa mwiko.

Zipo pia siku za matobolwa. Huku Unyamwezini viazi vitamu havisubiri kuoza. Vikivunwa vingi, baadhi hukatwa vibichi na kuanikwa, hiyo ndiyo michembe. Vingine huchemshwa kwanza, vikakatwa na kuanikwa, hayo ndiyo matobolwa. Jua la kiangazi ndilo mpishi wa kwanza, na chakula hicho hukaa miezi mingi. Mama huyapika matobolwa na karanga, na wazee wa Bukene huyajia kabla hata hajatangaza, sijui nani huwapa habari. Wakishakula husema "wabeja", wananawa, na kuondoka taratibu.

Ardhi hii imewalisha wasafiri muda mrefu kuliko reli. Tabora ilikuwa kitovu cha njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na tawi lake jingine lilielekea kaskazini, upande wa ziwa. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walifika Kazeh, pale Tabora, Novemba mwaka 1857, na mwaka uliofuata Speke akaelekea kaskazini mpaka akaliona Ziwa Nyanza. Waliobeba mizigo, waliojua njia na visima, walikuwa wapagazi, na Wanyamwezi ndio waliosifika kuliko wote kwa kazi hiyo. Mpagazi alipewa posho, na kipimo chake cha nafaka kilikuwa kibaba kwa siku. Vibaba vinne vilifanya pishi. Jioni wapagazi walijigawa makundi, kila kundi na chungu chake, mmoja akaleta kuni, mwingine maji, mwingine akapika. Mchele nao ulikuja na watu wa pwani waliofanya makazi Tabora, ukayapenda mabonde ya huku, na leo majaruba ya Nzega ni sehemu ya sura ya nchi.

Naikumbuka habari ya kibaba kila ninapomwona mama akipakua. Kibaba kilikuwa kipimo kimoja kwa watu wote, kwa kuwa msafara wa watu mamia hauwezi kwenda bila kipimo. Lakini kwenye chungu, yule aliyepika alimjua mwenzake aliyechoka. Mama naye ana bakuli moja la kupimia wali, kila mtu analipia bakuli hilo, na hakuna ugomvi. Kisha macho yake yanafanya kazi. Mbeba mizigo wa stesheni anaongezewa ukingoni. Mzee asiye na meno anachotewa katikati ya sufuria, palipo laini. Mtoto wa shule aliyekuja na sarafu pungufu anapewa sahani na kuambiwa akae upande wa ndani, asionekane. Neno lenyewe linatoka hapo: mteja anasimama na sahani anasema, "Mama, nitilie", na anayetia anamwona anayetiliwa. Serikali na magazeti sasa wanapenda kusema mama lishe, na ni neno zuri. Mimi bado napenda lile la kwanza, kwa sababu ndani yake mna watu wawili.

Halafu kuna treni. Siku ya treni ya abiria mama anapika mara mbili ya kawaida, na hajui itafika lini hasa. Hapa ufundi wake unageuka kuwa wa kuchelewesha. Wali ulioiva unafunikwa gunia, makaa yanazikwa kwenye majivu ili yapumue bila kuwaka, kuku wanatolewa kwenye mchuzi wasije wakapondeka. Nimemwona akiutunza wali hivyo tangu saa nne mpaka saa tisa, na ulipofunuliwa ulitoa mvuke. Treni ikilia mbali, binti na wadogo zake wanajaza beseni, na dakika zile chache za madirishani ni kama kucheza ngoma: mikono inapanda na chakula, inashuka na fedha, chenji inahesabiwa huku behewa limeanza kusogea. Siku ambayo treni haikufika kabisa, sikusikia lawama. Majirani walikula. Kilichobaki kikawa kiporo cha asubuhi, na daftari la wanaodaiwa likaongezeka kurasa. Wengi waliomo humo watalipa wakiuza mpunga, na mama anajua bonde la kila mmoja.

Ninaliona kosa la kuupamba umaskini, na sitaki kulifanya. Moshi wa mafiga umemharibia macho. Anakohoa. Kibanda hakina hatimiliki ya ardhi kinayoikalia, na reli au barabara mpya inaweza kumsogeza akaanze upya mahali pasipo na mwembe. Ningependa wanaopanga mji wa Bukene wampangie nafasi yake sasa, karibu na watu, yenye maji na sakafu ya saruji. Pale ufukweni Coco Beach, Dar es Salaam, wauza mihogo ya kukaanga na pilipili wameendelea kuwa na watu wao, ingawa migahawa ya kila aina imejaa Masaki hatua chache kutoka hapo. Watu wenye magari mazuri huvuka barabara kuwafuata. Inawezekana, basi, mji ukakua na mpishi wake akiwamo.

Kuhusu moshi, mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo mwaka 2034. Mama ameshanunua jiko la gesi. Miezi ya kwanza, aliniambia, aliona aibu kupika. Gesi ina moto wa chini tu, haina makaa ya kupalia. Wali ulitoka na maji juu na kuungua chini, na wateja, kwa adabu, hawakusema. Akaanza kujifunza upya kama binti. Akaweka bati zito kati ya moto na sufuria. Akapunguza maji kuliko alivyozoea. Akatandika kitambaa safi chini ya mfuniko kinywe mvuke. Akajifunza pia sauti mpya, kwa sababu kwenye bati ile sauti ya kutatarika huja nyembamba zaidi na huchelewa. Ilimchukua karibu msimu mzima. Sasa siku za watu wachache anatumia gesi, siku za treni anarudi kwenye mafiga, na nilipofumba macho na kuonja sahani mbili sikuweza kuzitofautisha. Yeye alizitofautisha, na akanionyesha wapi: kwenye ukoko, ambao wa gesi una rangi ya asali na wa kuni una rangi ya kahawa.

Asubuhi yangu ya mwisho pale, mama aliamka na homa. Aliketi kwenye kigoda chini ya mwembe, amejifunga khanga mbili, na akamwambia binti apike wali wa watu 30. Kiroba kilikuwa kipya, kimetoka kwa mkulima ambaye hatukumjua. Binti alitumbukiza mkono, akafikicha, akatazama upande wa mama. Mama alikuwa anatazama barabara.

Binti akafikicha tena. Akatia maji, akasita, akachota kikombe kimoja akakimwaga nje. Akasubiri yachemke. Baada ya mchele kuingia alipiga magoti, sikio karibu na mfuniko, na akakaa hivyo muda mrefu kuliko ambavyo mama angekaa. Mimi sikusikia kitu. Ghafla akavuta kuni zote kwa pamoja na kuchota makaa.

Mteja wa kwanza alikuwa dereva wa lori, anayepita mara moja kwa mwezi. Alimsalimu mama shikamoo, akampa pole, akakaa. Alipokula nusu ya sahani akainua kichwa akaomba aongezewe maharage, basi. Mama akamwita binti, akamwagiza alete ukoko. Akaumega, akautazama chini na juu, akatafuna polepole. Nusu iliyobaki akampa binti mkononi, na akamwambia akaweke maji ya ugali.